Unataka kadi ya FC? Kagua kwanza nani atamlisha straika

DIRISHA la usajili likifunguliwa, mashabiki wa Simba na Yanga hulala na simu mkononi wakisubiri majina. Lakini mtu anayeujua mpira huuliza kwanza: Huyo straika atalishwa mipira na nani?

Ndilo swali la kujiuliza kwa kijana wa Rubya, wilayani Muleba, mwenye kompyuta ya mezani na hamu ya kucheza EA Sports FC. Fedha ya kahawa haiji kila mwezi. Akiagiza kadi ya grafiki Kariakoo au Mwanza, ikapanda basi mpaka Muleba kisha ikagoma kuingia kwenye mashine, gharama ya kuirudisha ni maumivu mengine.

Kadi hiyo ndiyo inayochora kila unachokiona: nyasi, jezi, mashabiki jukwaani. Kompyuta nyingi za mtumba, kina Dell OptiPlex na HP, zilitoka maofisini na hazina kadi yake. Prosesa inachora huku ikifanya kazi zake nyingine. Matokeo yake Mbappé anakimbia kama amejitwisha mkungu wa ndizi.

GEMU IPI?

Anza na gemu. FIFA 22 ya kompyuta iliridhika na GTX 660, kadi ya mwaka 2012. FIFA 23 ikapandisha dau: angalau GTX 1050 Ti au RX 570, zote za GB 4. FC 24, iliyotoka 2023 baada ya EA kuachana na jina la FIFA, ilibaki hapo hapo, ila ili ucheze kwa raha wenyewe wanapendekeza GTX 1660 au RX 5600 XT.

Kwa hiyo anayeridhika na FIFA 22 au PES 2021 hana sababu ya kuvunja kibubu.

Kuna kiungo pia. FC 24 inataka RAM ya GB 8 na prosesa isiyo chini ya Core i5-6600K, ya kizazi cha 6. OptiPlex 7010, kwa mfano, ni ya kizazi cha 3. Ukiipachika kadi kali, straika atasimama mbele akisubiri pasi zisizofika. Mwenye mashine hiyo abaki na gemu za zamani, au fedha aiweke mpaka apate mashine mpya zaidi.

PAWA INATOSHA?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa bao. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa umeme usiozidi wati 75. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi zinaishi humo humo bila waya wa ziada. GTX 1660 inakula wati 120 na RX 570 wati 150. Hizi zinahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na ushauri ni pawa saplai ya wati 450.

Sasa OptiPlex 7010 nyembamba ina wati 240 tu, na pawa saplai yake ina umbo la peke yake, huwezi kuokota yoyote dukani ukabadilisha. Kasha jembamba pia halipokei kadi ya kimo cha kawaida. Agiza kadi fupi na uhakikishe inakuja na bati lake fupi la kufungia.

MITEGO SOKONI

Mtego wa kwanza ni kadi mpya yenye jina zuri. RX 6400 ni fupi na inakula wati 53, lakini inawasiliana na mazabodi kwa njia 4 badala ya 16. Kwenye mazabodi ya zamani inabanwa, kasi inashuka.

Wa pili ni kadi feki: chuma cha zamani kilichobadilishwa jina kikaitwa GTX 1050 Ti. Mwambie muuzaji aiwashe na programu ya bure ya GPU-Z, akutumie video. Nyingi za feki programu hiyo inazitaja waziwazi.

Wa tatu ni kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022, kadi nyingi ziliingia sokoni zikiwa zimechoka. Siyo zote mbovu, ila ione ikicheza gemu nusu saa, usikilize feni.

HESABU YA KIBANDA

Chukulia mfano wa mwenye kibanda cha gemu anayetoza Sh200 kwa mechi. Kadi ya Sh200,000 inahitaji mechi 1,000 kurudisha fedha yake, kabla ya bili ya umeme. Kwa mechi 20 kwa siku, hizo ni siku 50. Kadi ya bei mara mbili ni siku 100, na wateja watalipa Sh200 ile ile.

Uamuzi basi ni huu. Mashine nyembamba ya kizazi cha 6 kwenda mbele: GTX 1650 fupi, au 1050 Ti kama bei imeachana sana. Kasha kubwa lenye wati 450: RX 570, na fedha ikiruhusu GTX 1660. RAM ni GB 4? Anza na RAM.

Kabla ya kutuma fedha, fungua kava, piga picha lebo ya pawa saplai na tundu la kadi, pima nafasi kwa rula, mtumie muuzaji. Chenji ikibaki, ongeza pedi ya pili. Dabi ya kucheza peke yako hainogi.