‘Saa 12’ ya Kiomboi ni saa ngapi kwa kompyuta?

Na Mwandishi Wetu, Kiomboi

ABIRIA wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, akiambiwa kuwa basi linaondoka saa 12 asubuhi, hana haja ya kuuliza mara mbili. Atadamka alfajiri na kuwahi kituoni. Lakini endapo tiketi yake itatafutwa na programu ya kompyuta isiyojua namna Waswahili wanavyohesabu saa, saa 12 hiyo yaweza kusomwa 12:00, yaani saa 6 mchana. Atajibiwa kuwa hakuna basi au, vibaya zaidi, atakatiwa nafasi katika basi jingine la mchana.

Suala hilo limepata uzito kutokana na kuenea kwa kile kinachoitwa mawakala wa akili mnemba. Hawa si wale mawakala wa fedha wenye vibanda mitaani. Ni programu ambazo, badala ya kujibu maswali tu, hupewa kazi na kuitekeleza hatua kwa hatua: kutafuta taarifa, kukata tiketi, hata kulipa ankara. Ili kufanya hayo, wakala hukabidhiwa zana, yaani programu ndogo ndogo, kila moja ikiwa na jina, maelezo na orodha ya taarifa inazozihitaji.

Kampuni ya OpenAI ya Marekani iliwafungulia waandishi wa programu njia ya kuunganisha zana za aina hiyo Juni 2023. Novemba 2024, Anthropic, nayo ya Marekani, ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, unaowezesha zana moja kutumiwa na mawakala mbalimbali.

Kwa kawaida wakala haoni kilichomo ndani ya zana. Husoma maelezo tu, kisha huamua kama aitumie na kwa namna gani. Hali yake ni ya karani mgeni aliyeachiwa ofisi huku mwenyeji amesafiri na simu yake haipatikani: kilichoandikwa juu ya jalada ndicho anachokijua. Ndiyo maana Anthropic, katika miongozo yake, inashauri maelezo ya kila zana yasipungue sentensi tatu au nne.

Turudi kituoni. Maelezo yanayosema “Hutafuta basi” ni mafupi, lakini hayamsaidii mtu. Yaliyo bora yangesomeka hivi: “Hutafuta mabasi yanayoondoka kituo kimoja kwa siku moja. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 12 jioni ni 18:00. Msafiri asipotaja asubuhi au jioni, aulizwe kwanza. Zana hii haikati tiketi.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, ilhali kutaja kisichofanywa na zana humzuia wakala kumwambia abiria kuwa amekwishapata nafasi.

Mfano mwingine wa hapa hapa ni takwimu za sensa. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Iramba watu zaidi ya 360,000. Ile ya 2012 iliihesabia takribani 236,000. Wakala asiyeelezwa lolote anaweza kutangaza kuwa zaidi ya theluthi ya wananchi wameihama wilaya. Hakuna aliyehama, Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba mwaka huo wa 2012. Mstari mmoja katika maelezo ya zana, unaotaja mabadiliko ya mipaka, ungetosha.

Aidha, kuna vipimo. Mkulima wa vitunguu anaposema ana “kumi”, ni kilo, debe au gunia? Na gunia lenyewe ni la kawaida au ni rumbesa? Zana inayoomba “idadi” bila kutaja kipimo inamwachia wakala kubahatisha, na hasara ya kubahatisha huko itamwangukia mkulima.

Zana za kutoa fedha zinahitaji uangalifu wa pekee. Maelezo yake hayana budi kutamka kuwa malipo yakishatumwa hayarudishwi na zana hiyo, kiasi ni cha shilingi za Tanzania, na jina la mpokeaji lisomwe mbele ya mwenye fedha kabla ya kutuma. Hata hivyo, maelezo pekee si kufuli. Mwenye mfumo anapaswa pia kuweka kizuizi ndani ya zana yenyewe, ili malipo yasipite kabla mwenye fedha hajathibitisha kwa namba yake ya siri.