Dhahabu haichomwi jikoni

Katika baadhi ya nyumba za wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga, jiko la mkaa lina kazi mbili: mchana linapika ugali, jioni linachoma dhahabu iliyokamatishwa kwa zebaki. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini huharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi.

Kuchomea uani hakutoshi. Ipo ritoti, chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopoza mvuke na kuirudisha zebaki. Ila kifuniko kikilegea, mvuke hutoka vilevile. Mama, kabla ya kulipa, mwambie fundi akuonyeshe kinavyofungwa. Kikivuja, mrudishie. Usikifungue kabla hakijapoa, na watoto wakae mbali.