Lushoto kwa Mahesabu: Irente, Magamba au Mtae?

Wengi wakipanga safari ya Usambara Magharibi huanza kuuliza kiingilio. Kiingilio ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Pesa za safari hii huliwa na barabara na kitanda, na ukichagua kilele kisichoendana na siku ulizonazo, utalipia vyote viwili mara mbili.

Tuanze na kufika. Kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto ni takriban kilomita 360, zikiwemo zile 33 za mwisho za kupanda kutoka Mombo kupitia Soni. Viwango vya nauli ambavyo LATRA ilitangaza mwishoni mwa 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Kwa hesabu hiyo, basi la kawaida ni kama shilingi 17,500 kwenda tu, na la daraja la kati kama 24,400. Ukitajiwa bei inayozidi hapo sana, hasa mkesha wa sikukuu, omba tiketi yenye bei iliyoandikwa kabla hujatoa pesa.

Je, gari binafsi ni nafuu? Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 60 kwenda na kurudi. Watu watano kwa basi la kawaida watatumia karibu shilingi 175,000 kwa safari hiyohiyo. Gawanya: petroli ikiwa chini ya shilingi 2,900 hivi kwa lita, gari lililojaa linashinda, ikiwa juu ya hapo, basi linashinda. EWURA hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo piga hesabu yako siku hiyo. Mkiwa wawili msijisumbue na kikokotoo, pandeni basi. Na anayetoka Arusha au Moshi ashuke Mombo, apande kosta au Noah, asikubali maneno ya wapiga debe kwamba gari la mwisho limeshaondoka na imebaki teksi tu.

Ukishafika mjini Lushoto, kwenye mita kama 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, una machaguo matatu ya maana.

Irente ndiyo nafuu kuliko zote, na sioni haya kusema ndiyo inayowatosha wengi. Iko kilomita tano au sita kutoka mjini. Mwenye miguu mizuri anakwenda kwa saa moja na nusu, akipita katikati ya mashamba ya mahindi na mboga, bila kulipa mtu nauli. Bodaboda wapo, ila patana bei ya kwenda na kurudi pamoja na kungoja. Ukipatana ya kwenda tu, ya kurudi utapangiwa giza likishaingia. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla na kushuka karibu mita elfu moja hadi kwenye mashamba ya mkonge na barabara kuu ya Mombo, ambako malori yanaonekana kama siafu. Nyuma yake ni nyika ya Wamasai, upande wa jua kuzama. Kwa hiyo nenda saa kumi alasiri. Asubuhi mara nyingi kuna ukungu, na ada ndogo uliyolipa hairudishwi kwa sababu hukuona kitu.

Njiani kuna shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, wanakotengeneza jibini, mkate wa rai (rye) na jamu. Chakula cha mchana pale kinaweza kukugharimu zaidi ya wali maharage wa sokoni, lakini ukitaka kutumia pesa ya ziada mahali pamoja tu katika safari hii, mimi ningeitumia hapo. Pia ipo hoteli iliyojengwa ukingoni kabisa. Wanaolala pale wanalipia dirisha. Mandhari ni ileile anayoiona aliyelala gesti ya mjini akaja na bodaboda, na tofauti ya bei inatosha usiku wa ziada kwingine.

Magamba ni habari nyingine. Ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wenye hekta 9,283, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na vilele vyake vinapita mita 2,200. Hapa hununui mwanya wa kutazama mbali pekee. Unanunua msitu wenyewe, wenye mbega, miti mikubwa yenye kuvu na kimya ambacho mtu wa mjini huwa amekisahau. Malipo ni ya tabaka mbili. Kiingilio kinatozwa kwa kila kichwa, raia kwa shilingi na mgeni kwa kiwango cha juu zaidi, kupitia namba ya malipo ya serikali unayolipia kwa simu na kupata risiti. Asiyekupa namba hiyo akataka taslimu mkononi, mwulize kwa nini. Tabaka la pili ni mwongozaji. Huyu kwa kawaida hupatana na kundi, si na kila kichwa, na hapo ndipo penye akiba kubwa kuliko zote za Lushoto: watu wanne wakimgawana mwongozaji mmoja, kila mmoja analipa robo. Aliyekuja peke yake akae jioni moja gestini, awaulize wageni wenzake nani anapanda kesho.

Beba kitambulisho cha NIDA. Kiwango cha raia hupewa anayekionyesha, si anayezungumza Kiswahili vizuri. Familia yenye shemeji au mkwe mwenye pasi ya nje iweke bei yake kando tangu nyumbani. Kwa mgeni kama huyo Usambara bado ni nafuu: Kilimanjaro, ada ya uhifadhi kwa asiye mkazi ni dola 70 kwa siku kabla ya kodi ya asilimia 18, hata kama anapanda asubuhi hadi kambi ya Mandara na kushuka jioni.

Imebaki Mtae, pamoja na jirani yake Mambo, kilomita zaidi ya 60 kutoka Lushoto kupitia Magamba. Ndiko kwenye mandhari kubwa kuliko zote. Kijiji kimekaa mgongoni mwa mlima, bonde huku na bonde huku. Chini kuna nyika ya Mkomazi, mbele kuna milima ya Upare, na siku hewa ikiwa safi Kilimanjaro hujitokeza. Ndiko pia wengi wanakotupa pesa. Wanakodi gari Lushoto asubuhi, wanatikisika katika barabara ambayo sehemu kubwa ni vumbi, wanafika saa sita mchana wakati joto la nyikani limeshafanya bonde lote kuwa jeupe, wanapiga picha mbili na kugeuza. Kwa gari linalokwenda kilomita nane kwa lita milimani, hizo ni lita 15 au 16, mbali na ukodishaji na dereva.

Basi lingekuwa nafuu mara nyingi, lakini ratiba yake haikubali haraka: mabasi ya Mtae kwa kawaida hupanda mchana kutoka Lushoto na kushuka alfajiri ya siku inayofuata. Ukienda kwa basi unalala, utake usitake. Hiyo si hasara. Usiku mmoja Mtae unakupa machweo na macheo pia kwa bei ya kitanda, na ukiongeza wa pili unapata siku nzima ya kutembea. Uliza mambo mawili tu kabla ya kulipia chumba: kama kuna maji ya moto, hata ya ndoo, na mablanketi mangapi. Juni hadi Agosti baridi ya kule haina mzaha. Machi hadi Mei ni masika, barabara huteleza, na hata ile ya Mombo imeshawahi kufungwa na maporomoko. Bei ya chumba hushuka, lakini siku moja ya kukwama inakula punguzo lote.

Kwa hiyo: mwenye wikiendi moja na watoto, Irente, alale mjini. Kundi la vijana wenye siku tatu, Magamba kwa mwongozaji wa pamoja, kisha Irente jioni. Mwenye siku nne au zaidi apande basi la Mtae na kulala usiku mbili. Mwenye siku moja tu asikubali gari la kukodi la Mtae, kwa bei yoyote atakayopunguziwa.