Kiwanja Nacho ni Karakana

Vijana wetu wa Idsowe na vijiji jirani vya Garsen wanapojiunga na chuo cha ufundi, sisi wazazi huulizia cherehani, useremala na uchomeleaji. Kipindi cha mazoezi ya viungo hatukiulizii, na kikifutwa hatunung'uniki. Twakiona ni mchezo tu. Hapo tumekosea.

Fundi hapati riziki kwa mikono pekee. Hufika kwa wakati, husikiliza maagizo, hushirikiana na wenzake, na kazi ikimharibikia huizuia hasira yake akaanza upya. Tabia hizo haziingii kwa kuandikwa ubaoni, hutaka kutendwa. Kiwanjani refa akipuliza firimbi, mchezaji hutii hata akijiona amedhulumiwa. Akishindwa, humpa mkono aliyemshinda.

Katika Delta ya Tana somo hili lina uzito wake. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, ghasia baina ya Wapokomo na Waorma, ambazo maji na ardhi vilikuwa miongoni mwa sababu zake, ziliua watu zaidi ya 100. Mwalimu akiwachanganya watoto wa mkulima na wa mfugaji katika timu moja, asiwapambanishe kabila kwa kabila, hujifunza kutegemeana kabla ya kufunzwa kutiliana shaka.

Na mabinti je? Mwanafunzi wa ushonaji, anayeinama kutwa juu ya cherehani, anahitaji mno kunyoosha viungo. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na siku nyengine Mtume akamshinda yeye. Vazi la stara nalo si kizuizi: tangu 2014, sheria za kandanda ya dunia zinaruhusu wachezaji kuvaa hijabu.

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini vimo mikononi mwa serikali za kaunti. Wa kuulizwa, basi, wako karibu nasi. Siku ya kuandikisha watoto tuulize: kipindi cha mazoezi kipo kweli, au kimo katika ratiba tu? Mabinti wana mwalimu wa kike na mahali pa stara? Saa yake haigongani na swala?

Mwenyezi Mungu awajaalie wanetu mikono yenye ustadi na nyoyo zenye subira. Amin.