Mgeni asiyependa kupanda mlima ni mteja wa mkulima

KATIKA makundi yanayotoka Dar es Salaam kwenda kupanda milima ya Uluguru mwishoni mwa wiki, hakosekani mmoja aliyekuja kwa kuvutwa na wenzake. Huyu ni mtu wa lami. Starehe yake ni kivuli, kiti na kinywaji baridi. Amevaa viatu vya kutokea, na kabla ya nusu ya njia anauliza kama kuna bodaboda.

Vijana wanaoongoza wageni kutoka Morogoro mjini hadi Morningside, lilipo jengo la enzi za Wajerumani, wanaweza kumwona mtu huyo kuwa mzigo. Kibiashara, hilo ni kosa.

Mpenda milima hubeba maji na chakula chake, hupanda, hupiga picha na kuondoka. Asiyependa ndiye anayekaa chini, na anayekaa hununua: ndizi mbivu, chai ya tangawizi, muwa uliomenywa, hata fimbo ya kutembelea. Akishapumzika huuliza bei ya mdalasini na pilipili manga za kupeleka nyumbani.

Faida kwa mkulima iko wazi. Mkungu wa ndizi unaoteremshwa mjini kichwani hukutana na mchuuzi mwenye bei yake. Ndizi hizo hizo zikiuzwa moja moja njiani, bei hupangwa na mkulima, wala hakuna gharama ya usafiri.

Wateja nao wamesogea. Tangu Juni 2024 treni ya umeme huwafikisha abiria Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili, hivyo mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Kinachotakiwa si mtaji mkubwa. Benchi chini ya mti, choo safi, maji ya kunawa na bei zilizoandikwa ubaoni vinatosha kuanzia. Waongozaji nao wawe na njia fupi kwa asiyeweza kufika juu. Wamweleze pia kwamba Mto Ruvu, unaotegemewa kwa maji ya bomba ya Dar es Salaam, huanzia katika milima hiyo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia huteleza. Mgeni aambiwe ukweli huo kabla hajalipa.

Ikumbukwe kwamba safari ya kundi huhitaji wote wakubali. Aliyesitasita akirudi na njaa na viatu vilivyochanika, safari ijayo kundi zima litakwenda ufukweni, na ndizi zitarudi kwa mchuuzi.