Muda wa Kijapani, Muda Wetu

Wajapani wana neno "muda". Kwao maana yake ni upotevu, yaani kazi isiyomfaa mtu. Taiichi Ohno wa Toyota aliugawa upotevu huo mafungu 7, na kungoja ni mojawapo. Kwetu muda ni wakati. Wallahi, ukipeleka maombi ofisini utaona maneno haya mawili yanakutana.

Kazi yangu ni kupanga njia za maombi. Watu wananambia, "Si muiweke tu fomu kwenye intaneti?" Hapana jamani. Nimeshaona ofisi moja, fomu iko kwenye simu, lakini ukishajaza lazima uichapishe, utie saini, halafu uipeleke mwenyewe. Kwa mtu wa Izki hiyo ni safari ya Maskati, zaidi ya kilomita 100 kwenda tu. Siku nzima imekwenda.

Sasa tazameni vyuo vyetu. Zamani kijana akimaliza skuli, anazunguka na vyeti chuo baada ya chuo. Mwaka 2005 kikaanzishwa kituo kimoja cha taifa cha kupokea wanafunzi wa elimu ya juu, na toka 2006 wanaomba kwa intaneti. Fomu ni moja: unapanga unachotaka kusoma kwanza, cha pili, cha tatu. Alama zinatoka wizarani moja kwa moja. Hapo haikuhamishwa karatasi tu, imefutwa safari. Binti wa Izki na binti wa Maskati wanapita mlango mmoja.

Sisi kabla ya kugusa kompyuta tunabandika karatasi kubwa ukutani. Tunaandika kila hatua, tokea mtu anapoomba mpaka anapojibiwa, na siku zake. Halafu tunauliza: hii inamsaidia nani? Isiyo na jibu tunaifuta. Mara nyingi kazi yenyewe ni dakika chache tu. Siku zilizobaki faili limelala mezani likingoja saini.

Watu wa Izki si wageni wa mambo haya. Falaj al-Malki iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka huo huo 2006. Maji ya falaj hugawiwa kwa zamu, na mwenye shamba anaijua zamu yake. Maombi nayo yawe hivyo: ukishatuma, ujue yako kwa nani na utajibiwa lini.

Nyinyi mnaofanya kazi maofisini, chukueni fomu moja tu wiki hii. Hesabuni hatua zake, mutuambie.