Liemba: Meli iliyokuja kwa masanduku, sasa yajengwa kwa matofali ya kuchezea

Wapo watu wazima wanaoona haya kukutwa na matofali ya plastiki, yale madogo yenye vinundu ambayo watoto huyapachika moja juu ya jingine. Hapa Rumonge yupo kijana fundi wa simu ambaye hana haya hiyo. Kila jioni akifunga kibanda chake huketi mbele ya kompyuta akibuni mfano wa meli ya Liemba, na mimi, kwa kuwa nafundisha historia, amenipa kazi ya kumjibu maswali.

Kwa kweli hakuna meli inayostahili kujengwa kwa vipande kuliko hii. Wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika wanaijua sana, lakini si wote wajuao kwamba ilikuja kwetu ikiwa ndani ya masanduku. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ikafumuliwa, vipande vyake vikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, yakapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli kuelekea Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani waliifuata ili kusimamia kazi ya kuiunganisha upya. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, yule Mjerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894 na baadaye akawa gavana wa koloni lao.

Haikukaa sana. Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma ili isitekwe, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nyingi, kama watu wanaotarajia kurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba, jina la kale la sehemu ya ziwa hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iliachana na mvuke, ikatiwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ilikarabatiwa kwa msaada wa Denmark, nchi yanakotoka matofali ya Lego anayotumia kijana wetu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Meli ina urefu wa mita 71 na ushei, na upana wa mita 10 hivi. Kijana ameipunguza mara mia, kwa hiyo mfano wake una urefu wa sentimita 71. Kutoka kinundu kimoja hadi cha pili ni milimita 8, ndiyo kusema meli inahitaji vinundu 89 kwa urefu. Upana ukaleta ubishi, kwa sababu hesabu inatoa vinundu 12 na nusu, na nusu haipo. Alichagua 13. Alinieleza kwamba namba witiri ina katikati yake, na meli isiyo na mstari wa katikati haiwezi kuwa na omo iliyochongoka wala bomba la moshi lililosimama sawasawa.

Ubavu ndio unaomtesa. Tofali lina pembe nne, wakati meli imepinda kila mahali. Dawa yake ni kulaza matofali kwa ubavu na kuyapunguza safu kwa safu kuelekea mbele na nyuma. Programu anayotumia ni ya bure, na humwonya pale tofali moja linapoingia ndani ya jingine.

Tulitofautiana kuhusu mwaka. Yeye alitaka meli ya 1915, yenye mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Picha za vita ni nyingi, na hata filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 imechota humo. Mimi nikamuuliza: hivi wanafunzi wangu, ambao wazazi wao walivuka ziwa hili wakiwa na magodoro kichwani, watamwona nani wao kwenye meli hiyo?

"Mwalimu," akanijibu, "mzinga nina picha zake kumi. Nipe picha moja ya mama aliyekaa juu ya mzigo wake, nami nitamjenga."

Sikuwa nayo. Kigoma nilikosomea, sisi watoto wa wakimbizi tuliijua meli hiyo kwa macho, lakini nani kati yetu alikuwa na kamera? Na historia yake haikuishia kwa Wajerumani. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuondolewa, Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mei 2015 ilitumwa Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na maji, kuwachukua Warundi waliokuwa wamejaa ufukweni. Kila safari ilibeba watu 600 hivi.

Tukakubaliana kuijenga meli ya abiria. Mtu wa kawaida, akipunguzwa mara mia, hafiki sentimita mbili: ni tofali moja la duara na vibapa viwili juu yake, na anasimama juu ya kinundu kimoja. Kijana akaanza kuwapanga watu 600 kwenye kompyuta. Sitaha nzima, hata ukiihesabu kama mstatili, ina vinundu 1,157 tu. Ukitoa omo inayochongoka, vyumba, bomba la moshi na winchi, unaona wazi kwamba watu hawawezi kusimama wote juu, ni lazima wengine washuke chini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakujua kwamba 600 ni wengi namna hiyo.

Kuhusu kupanda na kushuka, tuliuliza sokoni. Mama mmoja muuza ndagala alimwambia, "Mwanangu, usiijenge peke yake. Pale pasipo gati mitumbwi huizunguka kama vifaranga. Unatanguliza mtoto, halafu mzigo, wewe unapanda mwisho." Siku ya pili mfano ukawa na mitumbwi sita, kila mmoja vinundu vinane.

Tatizo lililobaki ni matofali yenyewe. Kwenye kompyuta hayaishi, mezani yanahesabiwa. Mengi huja ndani ya marobota ya mitumba, yamechanganyika na wanasesere wasio na mikono, na wafanyabiashara wanaotoka Kigoma humletea kwa mfuko. Kwa hiyo ubavu mmoja utakuwa na mabaka ya rangi. Nimemwambia asijali, kwani hata meli yenyewe imebadilishiwa viungo mara nyingi na bado tunaiita Liemba.

Tunalowaomba wasomaji ni dogo. Wewe uliyepanda meli hii, iwe ukikimbia, ukirudi au ukipeleka bidhaa, kama unayo picha ya sitaha ikiwa na watu, usiiache iliwe na mchwa sandukuni. Mpelekee mwalimu wa historia aliye karibu nawe. Kama huna picha, mweleze ulikalia wapi. Wajerumani waliandikiwa vitabu vyao zamani. Kinundu chako utakionyesha wewe mwenyewe.